Bulange ya Mengo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa Bombo kwa kuzaliwa na wa Mengo kwa makazi. Ndugu wakija Kampala kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Goma huniomba niwapeleke "kule kwenye jumba la Kabaka", yaani mfalme wa Buganda, na maswali yao yanafanana mno hata nimeona heri niyaandike na majibu yake. Nimeanza na ya msingi. Ambaye ameshayajua ashuke moja kwa moja kwenye sehemu ya miaka ya jeshi, maana hapo ndipo panapobishaniwa zaidi.

## Ya msingi

Bulange ni nini hasa?

Ni makao makuu ya serikali ya ufalme wa Buganda. Humo hukutana Lukiiko, yaani baraza la ufalme, na humo zimo ofisi za Kabaka na za Katikkiro, ambaye ni waziri mkuu wake. Kabaka halali humo. Kasri lake la Mengo, Twekobe, limo ndani ya boma la Lubiri kwenye kilima cha pili. Wageni wengi huchanganya nyumba hizi mbili, kwa hiyo shika hivi: Lubiri ni nyumbani, Bulange ni kazini.

Kwa hiyo ndilo Bunge la Uganda?

Hapana. Bunge la Jamhuri lipo katikati ya mji, kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, na jiji lenyewe lina mamlaka yake, KCCA, yenye ofisi City Hall. Bulange ni ya ufalme, na ufalme ni mkongwe kuliko nchi. Hata jina la nchi lilitokana na la ufalme likipitia mdomoni mwetu Waswahili: wafanyabiashara wa pwani waliona vigumu kusema "Buganda", wakasema "Uganda" kama walivyozoea kusema Unyamwezi na Usambara, Waingereza wakalichukua hivyo hivyo. Ndiyo maana Uganda ni jamhuri nzima na Buganda ni ufalme uliomo ndani yake, ingawa masikioni mwa mgeni tofauti ni herufi moja tu.

Jina "Bulange" lina umri gani?

Jina ni la zamani kuliko hizi kuta. Nyumba ya baraza la Kabaka iliitwa Bulange kabla ya hili la sasa kujengwa. Ukikuta maandiko ya enzi za Sir Apollo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro mpaka 1926, yakisema watu walikutana Bulange, usidhani mwandishi amekosea tarehe. Anasema nyumba iliyotangulia.

Iko wapi, na nafikaje?

Iko Mengo, kwenye mteremko wa kilima cha Namirembe, upande wa magharibi wa kitovu cha Kampala. Panda teksi inayokwenda Natete au bodaboda, useme "Bulange" tu, inatosha. Kondakta asiyepajua Bulange sijapata kumwona.

Karibu yake kuna kanisa kuu la Namirembe juu ya kilima, na Hospitali ya Mengo iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Kilima cha Rubaga chenye kanisa kuu la Wakatoliki hakiko mbali. Msikiti wa Kibuli uko upande wa pili wa mji. Mtu mwenye miguu mizuri huzunguka historia yote ya dini na utawala wa Kampala kwa siku moja, kilima baada ya kilima.

## Kujengwa kwake na umbo lake

Ilijengwa lini, na kwa nini wakati ule?

Ilijengwa kati ya 1955 na 1958, enzi za Kabaka Edward Muteesa II. Miaka hiyo haikuangukia tu. Tarehe 30 Novemba 1953 gavana Mwingereza, Sir Andrew Cohen, alimwondoa Kabaka nchini na kumpeleka Uingereza kwa ndege. Chanzo chake ni jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalijua: mwaka huo waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, alitoa hotuba London iliyogusia shirikisho la Afrika Mashariki. Baganda waliingiwa na hofu ya kuwekwa chini ya walowezi wa Kenya. Kabaka akadai Buganda ipewe ratiba yake ya uhuru, Cohen akaona hilo haliwezekani, wakafika ukutani.

Miaka miwili Buganda ilikaa kwa majonzi na ukaidi. Mwaka 1954 ulifanyika mkutano Namirembe, wajumbe wa Buganda wakiwa na Profesa Keith Hancock, kutafuta njia ya kutoka, na tarehe 17 Oktoba 1955 Kabaka akarudi. Kesho yake, tarehe 18, yakatiwa saini makubaliano mapya ambayo, pamoja na mambo mengine, yaliongeza mawaziri wa Kabaka kutoka watatu kufikia sita. Wa afya, wa elimu na wa maliasili waliongezeka juu ya Katikkiro, mwamuzi na mweka hazina wa zamani.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini ilihitajika nyumba kubwa wakati huo, jibu la kwanza ni la kawaida kabisa: wizara zimeongezeka, makarani wameongezeka, mafaili yameongezeka. Jibu la pili, ambalo mimi ndilo ninaloliamini zaidi, ni kwamba mfalme aliyeng'olewa kwa usiku mmoja akarudi nyumbani alitaka jiwe juu ya jiwe, kitu ambacho hakiwezi kupakiwa kwenye ndege.

Ni kweli imeigwa kutoka Scotland?

Ndivyo inavyosimuliwa Mengo: kwamba Kabaka akiwa uhamishoni aliona jengo huko Scotland likamkaa moyoni, akarudi na picha yake kichwani. Ukisimama mbele yake hutashangaa kwamba masimulizi hayo yamedumu. Hili ni jumba la mawe na fahari la Kizungu, lenye mbawa mbili zilizotandazwa kulia na kushoto kwa usawa, na katikati mnara mwembamba unaochongoka kwenda juu. Ndani yake pana kumbi na korido za ofisi kama makao yoyote ya serikali ya miaka ya 1950.

Ila mtu akikuambia ni "nakala ya Ulaya" na kuishia hapo, mwambie ageuke nyuma atazame barabara. Soma jibu linalofuata.

Kama umbo ni la Kizungu, uasili wake wa Kiganda uko wapi?

Uko katika mahali lilipowekwa. Simama kwenye lango la Bulange utazame mbele. Barabara moja iliyonyooka, urefu wake kama maili moja, inatoka miguuni pako na kwenda mpaka lango kuu la Lubiri kwenye kilima cha Mengo. Lango lile linaitwa Wankaaki. Barabara yenyewe inaitwa Kabaka Anjagala, maana yake "Kabaka ananipenda". Nyumba ya kazi inatazamana uso kwa uso na nyumba ya mfalme, kilima kwa kilima, na bonde katikati.

Huo si mpango wa Scotland. Tangu zamani mji mkuu wa Buganda ulipangwa kwa kulitazama lango la Kabaka: barabara pana zilitoka kwenye boma, na mahali pa makazi ya mkuu kando ya barabara hizo palionyesha cheo chake. Makao yalipohama kutoka kilima hadi kilima, ambavyo yalihama mara nyingi, mpango ulihama nayo. Waliochora Bulange walileta ukuta na mnara, lakini mstari ulikuwepo unawasubiri. Ukipiga picha ya jengo peke yake bila barabara, umepiga nusu.

Nenda asubuhi mapema, kabla ya magari kuwa mengi, ushuke barabara hiyo kwa miguu ukitokea Lubiri. Mnara unauona tangu hatua ya kwanza, na kadiri unavyosogea jengo linafunguka pande zote mbili. Hakuna maelezo yangu yanayoshinda mwendo huo wa nusu saa.

Ule mzunguko wa barabarani wenye njia katikati ni wa nini?

Unaitwa Nnantawetwa. Uko njiani kati ya Bulange na Lubiri, nao una njia inayopasua katikati moja kwa moja, yenye lango. Hapo hupita Kabaka peke yake. Wengine wote, awe waziri au mwenye bodaboda, huzunguka. Jina lina maana ya asiyepindishwa, maana Kabaka hapindi njia. Usijaribu kukatiza hata kama lango limeachwa wazi na hakuna anayekuona. Yupo anayekuona.

Zile sanamu za wanyama na mimea kando ya barabara?

Ni alama za koo za Baganda. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni koo 52, na kila ukoo una kitu chake ambacho wanaukoo hawakili wala hawakidhuru: kamongo, mbega, pongo, kakakuona, fungo na kadhalika. Kwa Kiganda kitu hicho huitwa "omuziro". Sisi tunaosema "mzio" kwa chakula kinachomdhuru mtu tumeshika mzizi huo huo, kwa hiyo Mswahili hahitaji mfasiri hapo.

Jambo la kulitambua ni kwamba barabara hii si ya Kabaka na baraza lake tu. Koo zimesimama katikati yao pande zote mbili. Mtu hutambulishwa kwanza kwa ukoo wake, na wakuu wa koo, wanaoitwa Abataka, wana heshima ambayo cheo cha serikali hakiifuti.

Kwa nini Bulange haijaezekwa kwa nyasi kama Kasubi?

Kwa sababu kazi ni tofauti. Muzibu Azaala Mpanga ya Kasubi, nyumba kubwa ya duara iliyojengwa 1882 na Muteesa wa Kwanza, ni makaburi ya wafalme. Humo kila pete ya paa na kila kazi ya kuezeka ina ukoo wake wenye haki ya kuifanya, na Baganda hawasemi wafalme waliomo wamekufa. Iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ikaungua tarehe 16 Machi 2010, na watu wazima walilia barabarani. Bulange ni nyumba ya walio hai na ya makaratasi yao. Nyumba zote mbili ni za ufalme mmoja, nami huwapeleka wageni kotekote siku hiyo hiyo ili wasije wakadhani ujenzi wa Kiganda ulikwisha Wazungu walipofika, au kwamba ulianza hapo.

## Lukiiko

Wanaokaa humo ndani ni wangapi, na wanapatikanaje?

Muundo ulioandikwa kwenye Makubaliano ya 1900, yaliyotiwa saini tarehe 10 Machi na Sir Harry Johnston kwa upande wa Waingereza, ulikuwa hivi: mawaziri watatu, machifu 20 wa masaza (wilaya za ufalme), watu watatu mashuhuri kutoka kila saza, na sita wa kuteuliwa na Kabaka. Jumla 89. Baada ya hapo idadi na njia ya kuwapata vilibadilika mara kadhaa. Mabadiliko makubwa yalikuja 1962, wananchi walipopiga kura moja kwa moja kuwachagua wajumbe 68. Chama cha Kabaka Yekka kilichukua viti 65, na Democratic Party viti vitatu.

Mbona leo masaza ni 18 na si 20?

Mawili, Buyaga na Bugangaizi, yalirudi Bunyoro, ufalme jirani. Yalikuwa yamechukuliwa kutoka Bunyoro wakati wa vita vya Waingereza dhidi ya Omukama, yaani mfalme wao, Kabalega miaka ya 1890 na kupewa Buganda. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 4 Novemba 1964, na wenyeji wakaamua kurudi kwao. Banyoro huziita ardhi zao zilizopotea, na wana haki ya kuziita hivyo. Shika tarehe hii ya kura, maana ndiyo iliyopalilia yaliyotokea 1966.

Humo ndani kuliwahi kuamuliwa jambo la nchi nzima?

Ndiyo, mara kadhaa. Tarehe 31 Desemba 1960 Lukiiko ilipitisha tangazo kwamba Buganda ni huru kuanzia siku inayofuata. Waingereza hawakulitambua na maisha yakaendelea, lakini kila mtu alipata ujumbe: uhuru wa Uganda hautapangwa kwa kuipita Mengo pembeni.

Kubwa zaidi, ingawa halitajwi sana, ni la 1962. Kwa mpango wa katiba ya uhuru, Buganda haikulazimika kuwachagua wabunge wake wa taifa kwa kura za wananchi. Lukiiko ndiyo iliyowateua, wote 21. Hao 21 wa Kabaka Yekka waliungana na chama cha UPC cha Milton Obote, na muungano huo ndio uliompa Obote uwaziri mkuu, akawa nao hata siku ya uhuru, 9 Oktoba 1962. Mwaka uliofuata Kabaka Muteesa akawa Rais wa kwanza wa Uganda. Kwa hiyo Obote aliingia madarakani kwa kura zilizotoka ndani ya jengo hili. Miaka minne baadaye alituma jeshi kilima cha jirani.

## Miaka ya jeshi

Mwaka 1966 kulitokea nini?

Ule muungano ulikuwa ndoa ya haja. Suala la kura ya masaza mawili liliuvunja: Muteesa kama Rais alipaswa kuidhinisha upotevu ambao kama Kabaka hakuweza kuukubali. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza la mawaziri, akajitwalia mamlaka yote na kumwondoa Muteesa kwenye urais. Tarehe 15 Aprili wabunge walipewa katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma, wakaambiwa nakala zao zimo kwenye visanduku vyao vya barua.

Jibu la Buganda lilitoka Bulange. Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko ilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Fikiria uzito wa neno hilo: Kampala iko ndani ya Buganda. Ni kumwambia mwenye serikali abebe mji mkuu wake aondoke nao.

Tarehe 24 Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin liliishambulia Lubiri. Kabaka alitoroka kwa kuruka ukuta wakati mvua ikinyesha, akavuka mpaka na hatimaye akafika London, ambako alifariki tarehe 21 Novemba 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, si Buganda tu: Bunyoro, Toro, Ankole, zote zilikwenda.

Watu hubishana ni nani aliyeanza. Mimi nasema azimio la Mei 20 lilikuwa la haraka na la hasira, na anayeipenda Bulange lazima aweze kulisema hilo. Lakini azimio ni karatasi. Karatasi ile ilijibiwa kwa risasi, na waliokufa hawakuwa wote ndani ya boma.

Jengo lenyewe lilifanywa nini?

Likawa la jeshi. Lilibatizwa jina la Republic House, likawa makao makuu ya jeshi na wizara ya ulinzi, na Lubiri ikageuzwa kambi. Wazee wa Mengo bado hulikumbuka jina hilo, na utalikuta katika habari zote za miaka ya Amin. Ukisoma mahali kwamba amri fulani ilitoka Republic House, jua ni hapa hapa, kwenye ukumbi uliojengwa ili watu wazungumze.

Watoto wa mtaani miaka hiyo walifundishwa kupita upande wa pili wa barabara. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, aliniambia kwamba mpaka leo miguu yake humpeleka upande ule wenyewe bila yeye kufikiri.

Ni kweli Baganda hawakipendi Kiswahili kwa sababu ya Republic House?

Ni sehemu ya sababu, na Mswahili anayekwenda Bulange anapaswa kuijua. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini tangu enzi za King's African Rifles. Kwa mtu wa Mengo wa miaka ya 1970, sauti ya Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani usiku haikuwa sauti ya mashairi ya Lamu. Ilikuwa "simama", "toa kipande", "lala chini". Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na hilo halikukiongezea marafiki.

Ila mzizi ni wa nyuma zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 gavana Gowers alitaka Kiswahili kifundishwe shuleni, na Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia lugha ya watu wake. Kilichokuwa nyuma yake ni ile hofu niliyoieleza kwenye swali la kujengwa kwa Bulange: Kiswahili kilinukia shirikisho na walowezi.

Nami niliyelelewa kwa Kiswahili cha Bombo, kijijini kwa Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, sikasiriki nikijibiwa kwa Kiganda. Lugha yetu ilitumiwa vibaya kwenye jengo hili. Namna ya kuirudishia heshima ni kuizungumza humo kwa adabu.

## Kurudi, na leo

Ilirudishwa lini?

Mwaka 1993. Bunge lilirekebisha katiba na kupitisha sheria ya kurudisha mali za watawala wa jadi, na Bulange imetajwa humo kwa jina, pamoja na Lubiri, makaburi ya wafalme na mengineyo. Tarehe 31 Julai 1993 Ronald Muwenda Mutebi II, mtoto wa Muteesa, alitawazwa Naggalabi, Buddo. Si kila kitu kilirudi siku hiyo. Mazungumzo juu ya ardhi na majengo mengine yaliendelea kwa miaka, na tarehe 1 Agosti 2013 Rais Museveni na Kabaka walitia saini makubaliano mengine juu ya mali zilizobaki.

Lukiiko ya leo ina nguvu gani?

Kisheria, chache. Katiba ya 1995, kifungu cha 246, inamtambua kiongozi wa jadi lakini inamkataza siasa za vyama na haimpi mamlaka ya kiserikali. Lukiiko haiwezi kutoza kodi wala kutunga sheria ya kumfunga mtu.

Kiuhalisia ni jambo jingine. Septemba 2009 serikali ilipomzuia Katikkiro, kisha Kabaka, kwenda Kayunga, Kampala ilichafuka kwa siku kadhaa, watu wakauawa, na redio ya ufalme, CBS, ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baraza lisilo na polisi wala bajeti ya serikali halitikisi mji namna hiyo kama halina kitu. Kitu hicho ni utii wa watu, na hautolewi na kifungu chochote.

Masengere ni jengo gani?

Ni lile lililo jirani na Bulange, ambamo pia redio ya CBS inatangazia. Lilikaa muda mrefu bila kumalizika. Charles Peter Mayiga alipokuwa Katikkiro mwaka 2013 alianzisha mchango uitwao Ettoffaali, akizunguka saza kwa saza kukusanya fedha za Masengere na za makaburi ya Kasubi na Wamala. Neno "ettoffaali" ni tofali letu lile lile lililovaa Kiganda. Nilifurahi sana kulisikia likiimbwa vijijini.

Wale watu wanaokuja na mabasi na bahasha ni nani?

Ni watu wa masaza wanaoleta luwalo. Zamani luwalo ilikuwa siku za kazi ambazo kila mwanamume alizitoa kwa ufalme, kama kutengeneza barabara. Siku hizi ni mchango wa hiari unaokabidhiwa kwa Katikkiro au mawaziri wake, eneo kwa eneo, na hotuba na ngoma. Ukiwakuta, kaa pembeni usikilize.

## Ya mgeni

Naweza kuingia?

Ndiyo, Bulange hupokea wageni na kuna waongozaji. Pitia kwanza kwa walinzi langoni, useme shida yako, uelekezwe pa kujiandikisha. Siku ya kikao cha Lukiiko ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza kabla.

Nivae nini?

Mwanamke avae gauni au sketi ndefu, mwanamume suruali na shati la heshima. Ukitaka kufurahisha watu vaa kanzu na koti juu yake, ndilo vazi rasmi la mwanamume Muganda. Wanawake huvaa gomesi. Kanzu, kama ujuavyo, ilitoka kwetu pwani na wafanyabiashara wa karne ya 19, na jina lilikuja nayo. Sasa ni yao kabisa, na hawaingii kwenye sherehe ya kuposa bila hiyo.

Nizungumze lugha gani?

Vikao vya Lukiiko ni kwa Kiganda. Kwa wengine, anza kwa salamu yao: mwanamume muite "ssebo", mwanamke "nnyabo", kisha useme "mulimutya" au "osiibye otya" kulingana na saa. Ukishasalimia hivyo, wengi watakusaidia kwa Kiswahili bila kinyongo, hasa vijana. Usianze na Kiswahili cha kuamrisha. Sababu nimeieleza kwenye swali la Republic House.

Nikikutana na Kabaka je?

Baganda hupiga magoti, na mgeni halazimishwi kufanya hivyo. Simama kwa utulivu, vua kofia, usimnyooshee mkono kabla yeye hajaunyoosha, na usimgeuzie mgongo. Hutajwa kwa cheo cha Ssaabasajja, si kwa jina lake. Msafara ukipita, watu wataanza kupiga kelele za shangwe na wengine watalala kifudifudi barabarani. Ukiwa ndani ya gari, mwambie dereva asimamishe pembeni.

Picha zinaruhusiwa?

Nje na barabarani, ndiyo. Ndani, omba ruhusa kila chumba. Na kwa picha ya jengo zima usisimame langoni, kwa sababu mnara utakatika. Rudi nyuma kwenye Kabaka Anjagala mpaka uone koo kulia na kushoto, mlango katikati na ncha ya mnara juu, ndipo upige.